Kumbo Halali, Kumbo Haramu: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Msimu wa Hoki ya Barafu

Barua za safari hii zimetoka Arusha, Muscat, Nairobi na kwa ndugu zetu walioko Marekani na Kanada. Nyingi zinahusu NHL, ligi kuu ya hoki ya barafu ya Marekani na Kanada, na nyingi zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti: katika mchezo ambao kukumbana ni ruhusa, uungwana unaanzia wapi? Kwa wageni wa mchezo, paki ni kile kisahani cheusi cha mpira mgumu, kipenyo sentimita 7.6, uzito kati ya gramu 156 na 170, ambacho hugandishwa kabla ya mechi ili kisidundedunde. Kizimba ni kile kibanda kando ya uwanja anamokaa mchezaji aliyeadhibiwa hadi dakika zake ziishe.

SWALI: Naangalia mechi kwa simu nikiwa Arusha. Oktoba zilikuwa zinaanza saa 8 usiku, sasa zinaanza saa 9. Ratiba imebadilishwa? Tena nielewesheni: mbona timu iliyofungwa inapewa pointi?
*Msomaji, Arusha*

JIBU: Ratiba haijaguswa, saa za wenzetu ndizo zilizosogea. Marekani na Kanada hurudisha saa nyuma Jumapili ya kwanza ya Novemba na kuzisogeza mbele Jumapili ya pili ya Machi. Mechi ya saa 1 jioni ya New York au Toronto inakukuta wewe saa 8 usiku kabla ya badiliko hilo la Novemba, na saa 9 usiku baada yake. Mechi za pwani ya magharibi huangukia alfajiri hadi saa 12 asubuhi. Ukitaka kulinda usingizi, tafuta mechi za Jumamosi mchana: ile ya saa 7 mchana ya huko ni saa 3 usiku kwako wakati wa baridi.

Kuhusu pointi: ushindi wowote ni pointi 2. Ukifungwa ndani ya dakika 60 huna kitu. Mkiwa sare baada ya dakika 60, kila timu imeshajihakikishia pointi 1, na ya ziada inagombaniwa kwa dakika 5, watatu kwa watatu, goli la kwanza linamaliza mechi. Lisipopatikana, inakuja mikwaju, wapigaji watatu kila upande kwanza. Mikwaju hiyo iliingia msimu wa 2005-06. Watatu kwa watatu iliingia 2015-16.

Hapa tuna lalamiko letu. Mechi inayoisha mapema inagawa pointi 2, inayorefushwa inagawa 3. Matokeo yake, timu mbili zilizo sare dakika ya 55 zinaanza kurudisha paki nyuma na kungoja saa, maana pointi moja iko mfukoni. Ligi ya Sweden na mashindano ya shirikisho la kimataifa hutoa 3 kwa ushindi wa dakika 60, 2 kwa ushindi wa nyongeza na 1 kwa aliyefungwa kwenye nyongeza, na mfumo huo unamlipa anayejituma. NHL imerekebisha kidogo tu: timu zikilingana pointi mwisho wa msimu, kwanza huangaliwa nani ameshinda zaidi ndani ya dakika 60. Kwa hiyo unaposoma msimamo, tafuta safu yenye herufi RW. Ndiyo inayokuambia timu ina nguvu ya kweli au inaishi kwa mikwaju.

SWALI: Boston walivunja rekodi zote halafu wakatolewa raundi ya kwanza. Msimu mrefu hivyo una maana gani basi?
*Msomaji, Ottawa*

JIBU: Unazungumzia 2022-23. Boston Bruins walishinda mechi 65 kati ya 82 na kufikisha pointi 135, rekodi zote mbili za ligi. Florida Panthers waliingia mtoano kwa mlango wa mwisho wakiwa na pointi 92. Boston wakaongoza mfululizo 3 kwa 1, wakafungwa mechi tatu mfululizo, ya saba kwenye muda wa nyongeza, nyumbani kwao. Miaka minne nyuma yake, Tampa Bay waliokuwa na ushindi 62 walitolewa na Columbus kwa 4 bila.

Timu 16 kati ya 32 huingia mtoano. Kila raundi ni ya kutangulia kushinda mechi 4, raundi ziko 4, kwa hiyo kombe la ligi, Kombe la Stanley, linataka ushindi 16 kwa muda wa miezi miwili hivi. Msimu wa kawaida unapima nani anaweza kukutana na kila mtu, usiku baada ya usiku, na asiyumbe. Mtoano unapima nani anaweza kukutana na mtu mmoja yule yule mara saba. Kipa mmoja akiwaka moto kwa wiki mbili anabeba timu nzima. Vilevile mikwaju inaondolewa: mkiwa sare mnacheza vipindi vya dakika 20, watano kwa watano, hadi goli lipatikane, hata kukiwa kunapambazuka. Yule aliyekusanya pointi zake kwenye mikwaju anaumbuka hapo.

Msimu wa kawaida unastahili heshima zaidi ya ile unayopewa. Kuna tuzo ya timu yenye pointi nyingi, lakini mashabiki wengi wanaichukulia kama nuksi. Kushinda mechi 65 ni kazi ya watu wazima, na Boston hawana cha kuonea haya kwa msimu ule.

SWALI: Rafiki yangu Mmarekani anasema ngumi ni sehemu ya mchezo na zinaruhusiwa. Mimi nimekulia kwenye kandanda, ngumi ni kadi nyekundu. Nani yuko sahihi?
*Msomaji, Columbus, Ohio*

JIBU: Haziruhusiwi. Zinaadhibiwa kwa dakika 5 kizimbani. Rafiki yako anachanganywa na jambo moja: wapigana wawili wakiadhibiwa pamoja, timu zao hazipungui, wengine wanaingia na mchezo unaendelea watano kwa watano. Shabiki hauoni uchungu wa adhabu, akadhani hakuna adhabu.

Ukitazama kwa makini utaona waamuzi wana utaratibu. Wawili wakitupa glovu na wamesimama wakitazamana, waamuzi wa mstari hukaa pembeni kidogo, wakikusanya magongo yaliyoanguka na kuzuia wengine wasisogee. Mmoja akianguka au akishindwa kujikinga, wanaingia kati mara moja. Aliyeanzisha ugomvi kwa mtu asiyetaka anaongezewa: dakika 2 za uchokozi, 5 za ngumi na 10 za utovu wa nidhamu, jumla 17. Akifanya hivyo ndani ya dakika 5 za mwisho wa mechi, anatolewa na kufungiwa mechi inayofuata. Mtu wa tatu anayeingilia ugomvi wa wawili anatolewa. Wa kwanza kuruka kutoka benchi kwenda kupigana anafungiwa mechi 10 bila mshahara. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyomaliza zile vurugu za benchi nzima za zamani.

Ngumi zimepungua sana katika miaka 20 iliyopita. Timu inavalisha wachezaji 18 na makipa 2, na kuna kikomo cha jumla ya mishahara. Kocha hawezi tena kutunza nafasi kwa mtu anayejua kupigana tu, maana mchezo umekuwa wa kasi na kila kundi linaloingia kwa zamu linatakiwa liweze kupiga pasi.

Wanaotetea ngumi husema zinawalinda wachezaji wadogo kwa kuwa mchafu anajua atalipizwa. Tunawaomba wasome vizuri yaliyotokea Vancouver tarehe 8 Machi 2004. Steve Moore wa Colorado alikuwa amemkumba nahodha wa Vancouver wiki tatu kabla, na hakuadhibiwa. Siku hiyo Moore alikuwa ameshapigana mara moja kipindi cha kwanza. Kwa desturi wanayoitaja watetezi wa ngumi, deni lilikuwa limelipwa. Kipindi cha tatu, Vancouver wakiwa wamezidiwa magoli mengi, Todd Bertuzzi alimfuata kwa nyuma, akamvuta jezi, akampiga ngumi ya kichwa na kuanguka naye kwenye barafu. Moore alivunjika pingili za shingo na hakucheza NHL tena. Bertuzzi alifungiwa hadi mwisho wa msimu pamoja na mtoano, na Desemba mwaka huo alikiri mahakamani kosa la shambulio lililosababisha majeraha. Kisasi kilikuwa ndiyo sababu ya yote hayo.

SWALI: Mchezaji wa timu yetu alimkumba mpinzani hadi akabebwa. Refa hakutoa adhabu, lakini kesho yake ligi ikamfungia mechi tatu. Kwenye kundi letu la mashabiki wote wanasema ligi inatuonea. Mimi nimebaki njia panda. Nitajuaje kumbo lilikuwa halali?
*Msomaji, Toronto*

JIBU: Ndugu yetu, kwa kukataa kufuata kelele umeshaanza vizuri. Hatujaiona mechi yenyewe, ila tunaweza kukupa njia ya kuitazama.

Ipate picha ya marudio na uitazame mara mbili: kwanza kwa mwendo wa kawaida, kisha polepole. Wengi wanakwenda moja kwa moja kwenye ile ya polepole, na hapo ndipo wanapotea. Picha ya polepole inakuonyesha vizuri *wapi* mwili uligusa, lakini inadanganya kuhusu *muda*: inamfanya mgongaji aonekane alikuwa na nafasi tele ya kuacha, wakati huenda hakuwa nayo. Mwendo wa kawaida ndio wa kupimia muda.

Anza na paki. Kumbo ni la mwenye paki, au aliyeiachia papo hapo. Kama mpinzani alishaipeleka, na mgongaji alikuwa na nafasi ya kujizuia lakini akamalizia tu, hilo ni kosa hata kama bega lilikutana na kifua.

Kisha tafuta mguso wa kwanza. Kanuni ya 48 inakataza kumbo ambalo kichwa ndicho kilichopokea pigo kuu, na pigo hilo lingeweza kuepukwa. Kanuni hiyo iliandikwa 2010, baada ya Marc Savard wa Boston kugongwa kichwani upande asioutazama na Matt Cooke wa Pittsburgh mwezi Machi mwaka huo, na Cooke hakuadhibiwa kwa kuwa kanuni za wakati ule hazikumgusa. Simamisha picha pale miili inapogusana tu, si baadaye. Kichwa kinachorushwa nyuma baada ya kifua kupigwa si ushahidi. Bega linalotua kwenye taya kabla ya kifua kuguswa ni ushahidi.

Halafu miguu na kiwiko. Mtu anayekumba kihalali anainama kidogo, magoti yamekunjwa, viatu vyote viko kwenye barafu, mkono umebanwa ubavuni. Viatu vikiinuka *kabla* ya mguso, alikuwa anakitafuta kichwa. Vikiinuka baada ya mguso, mara nyingi ni nguvu ya mgongano yenyewe. Tofauti hiyo ni ya picha moja au mbili tu kwenye video, kwa hiyo refa akiikosa usimlaumu mno.

Mwisho, ukuta. Hatari kubwa haipo pale mtu amebanwa ukutani. Ipo anapokuwa mita moja hivi kutoka ukutani, kwa sababu akisukumwa kutoka nyuma anakwenda kichwa mbele na hana pa kujishikilia. Kama mgongaji aliiona namba ya mgongoni kwa muda wa kutosha, alipaswa kuacha au kumbana tu. Isipokuwa aliyegongwa aligeuza mgongo ghafla kabla tu ya mguso. Hapo lawama zinagawanyika.

Ligi ina idara ya usalama wa wachezaji tangu 2011. Inaangalia kama kanuni imevunjwa, kama kuna aliyeumia na kama mkosaji ana historia. Hata refa asipotoa adhabu uwanjani, idara inaweza kufungia. Wakimwita mchezaji kwa kikao cha ana kwa ana, ujue wanataka nafasi ya kumfungia mechi 6 au zaidi. Adhabu ikitoka hutolewa na video ya maelezo yenye kutaja kanuni. Itazameni hiyo kwenye kundi lenu kabla ya kusema mnaonewa.

Mfuko wa mchezaji aliyefungiwa unaumia pia. Mkosaji wa mara ya kwanza anakatwa mshahara wa siku moja ya msimu kwa kila mechi. Aliyefungiwa ndani ya miezi 18 iliyopita anahesabiwa mkosaji wa kurudia, na anakatwa kwa hesabu ya mechi. Chukua mchezaji wa dola milioni 5, msimu wa siku 192: mara ya kwanza ni dola 26,041 kwa mechi, akirudia, kwa msimu wa mechi 82, ni dola 60,975. Fedha hizo zinaingia kwenye mfuko wa kusaidia wachezaji wenye dharura.

Jaribu na hili pia: badilisha jezi kichwani mwako. Aliyelala ni wenu, aliyesimama ni wao. Kama hukumu yako inabadilika, ulikuwa unahukumu jezi. Na mechi tatu kwa mtu aliyempeleka mwenzake kwenye machela haiwezi kuitwa uonevu hata kidogo.

SWALI: Assalaam aleikum. Kandanda imetuchosha kwa wachezaji wanaojiangusha. Je, kwenye hoki hayapo?
*Msomaji, Muscat*

JIBU: Wa aleikum salaam. Yapo, ila mchezo wenyewe unayaonea aibu na kanuni ya 64 inayaadhibu kwa dakika 2. Refa anaweza kuwapeleka wote wawili kizimbani: mmoja kwa kupiga mtama, mwingine kwa kujirusha kupita kiasi. Ligi pia hukagua video baadaye. Mara ya kwanza mchezaji anaonywa kimya kimya, mara ya pili anatozwa dola 2,000 na jina lake linatangazwa, na faini inapanda kila anaporudia. Kutangazwa jina ndiko kunakowauma. Dola 2,000 kwa watu hawa si kitu, lakini kuitwa mjirushaji mbele ya wenzako chumbani ni jambo zito. Angalia hasa kichwa kinachotupwa nyuma wakati gongo la mpinzani limegusa kifua. Gongo likimkata mtu usoni hadi damu ni dakika 4 badala ya 2, na ndiyo maana utaona mchezaji akijipapasa mdomo kutafuta damu. Hilo si kujiangusha. Anamwonyesha refa alichokikosa.

SWALI: Kuna tuzo ya mchezaji muungwana kuliko wote. Inapimwaje, na mbona mabeki hawaipati?
*Msomaji, Edmonton*

JIBU: Ni Lady Byng, iliyotolewa mwaka 1925 na Evelyn Byng, mke wa Gavana Mkuu wa Kanada wa wakati ule. Inakwenda kwa mchezaji aliyeunganisha uungwana na kiwango cha juu cha uchezaji, na wapiga kura ni waandishi wa habari za hoki. Frank Boucher wa New York aliichukua mara 7 katika misimu 8, hadi akapewa kombe lenyewe aende nalo nyumbani, na Lady Byng akatoa jingine. Wayne Gretzky aliichukua mara 5. Pavel Datsyuk alichukua nne mfululizo, 2006 hadi 2009.

Tatizo ni kipimo. Waandishi wengi wanafungua jedwali, wanatafuta mwenye pointi nyingi (yaani magoli na pasi za magoli) na dakika chache kizimbani, wanaandika jina. Fowadi anapokimbia na paki, wengine ndio wanaomkosea yeye. Beki kazi yake ni kuzuia watu walio na kasi kuliko yeye, na akichelewa nusu hatua gongo lake linanasa mkono wa mtu. Bill Quackenbush wa Detroit alicheza msimu mzima wa 1948-49, mechi 60, bila dakika hata moja ya adhabu, akawa beki wa kwanza kuipata. Baada ya Red Kelly mwaka 1954 ikapita hadi 2012 ndipo beki mwingine, Brian Campbell, alipoishika.

Ukitaka kuona uungwana kama ufundi, mtazame Jaccob Slavin wa Carolina. Mwaka 2021 alishinda tuzo hii akiwa ameadhibiwa mara moja tu msimu mzima, na kosa lenyewe lilikuwa kuirusha paki nje juu ya kioo kutoka eneo lake, ambalo kanuni inaliadhibu hata kama mkono uliteleza. Hakumkosea mtu. Anafanyaje? Gongo lake liko chini wakati wote, ncha ikiwa kwenye barafu, anaziba njia ya pasi badala ya kuukimbilia mwili. Anarudi nyuma sambamba na mshambuliaji, akimwelekeza ukutani, na anangoja paki itoke mbele ya mguu ndipo aichokonoe. Aliichukua tena 2024. Tungependa mabeki wa namna hii wapigiwe kura mara nyingi zaidi, kwa kuwa wanafanya jambo gumu kuliko fowadi asiyekaba.

SWALI: Baada ya mfululizo wa mtoano wanapanga mstari na kupeana mikono. Ni kanuni? Na kuna aliyewahi kukataa?
*Msomaji, Minneapolis*

JIBU: Ni desturi, na inafanyika pale mfululizo unapomalizika tu, si baada ya kila mechi. Timu mbili zilizoumizana kwa wiki mbili zinapita ana kwa ana, glovu ya kulia imevuliwa, kila mtu na kila mtu. Usizime televisheni baada ya goli la mwisho. Utaona mtu aliyevunjwa pua Jumanne akimnong'oneza kitu aliyemvunja, na nahodha wa waliofungwa akisimama muda mrefu zaidi kwa kipa aliyemnyima.

Waliokataa wapo. Mwaka 2008, New York Rangers na New Jersey, Sean Avery wa Rangers aligeuka akaupa mgongo mchezo, akasimama mbele ya kipa Martin Brodeur akimpungia mikono na gongo usoni ili asione paki. Hapakuwa na kanuni iliyotaja jambo hilo waziwazi. Kesho yake ligi ikatangaza kwamba kumkabili kipa kwa namna hiyo ni utovu wa uungwana wa dakika 2. Rangers walipoutwaa mfululizo, Brodeur aliwapa mikono wengine na kumpita Avery. Tunamwelewa Brodeur, ila tunaona alikosea. Mstari ule una thamani kwa sababu unampa mkono hata usiyempenda.

SWALI: Mwanangu ana miaka 11, ameanza kucheza hoki hapa Minnesota. Naogopa atagongwa. Nifanye nini, na nisifanye nini nikiwa jukwaani?
*Mama wa mchezaji, Saint Paul*

JIBU: Mama, tulia kwanza: kwa umri wake kumbo la mwili haliruhusiwi. Shirikisho la Marekani liliondoa makumbo kwa walio chini ya miaka 12 tangu msimu wa 2011-12. Yanaanza daraja la chini ya miaka 14. Bega kwa bega wakikimbilia paki ni sawa, kumkusudia mtu si sawa.

Kuhusu vifaa, hakikisha kofia haichezi akitikisa kichwa na wavu wa uso umefungwa imara. Kinga ya shingo ni lazima kwa watoto Marekani tangu Agosti 2024, baada ya mchezaji Adam Johnson kufariki kwa kukatwa shingo na kiatu cha mwenzake mechini Uingereza Oktoba 2023. Ikague kila wiki kama imelegea, maana watoto huilegeza ikiwabana. Viatu vya barafu vivaliwe na soksi moja nyembamba. Soksi nene inafanya mguu uyumbe ndani, na mtoto anayeyumba hawezi kusimama kwa wakati, akawagonga wengine bila kukusudia.

Mfundishe mambo mawili. Anapokwenda kuchukua paki ukutani, aende kwa upande, asiende wima, na atazame nyuma ya bega kabla hajafika. Na akihisi anaanguka kuelekea ukuta, kichwa kiwe juu, mikono na bega vitangulie. Kuinamisha kichwa ndiko kunakovunja shingo. Akimwona mwenzake amempa mgongo karibu na ukuta, amwache.

Jukwaani usimwelekeze wapi pa kupita. Anasikia sauti mbili, yako na ya kocha, na anasimama katikati. Usimzomee refa, ambaye mara nyingi ni kijana wa sekondari. Ukiwa na lalamiko kwa kocha, ngoja saa 24. Ligi za watoto za Minnesota zina mpango wa pointi ya uungwana: timu inayobaki chini ya kiwango cha dakika za adhabu kwa mechi inapata pointi ya ziada kwenye msimamo. Uliza kocha kiwango cha daraja lenu na mjue wazazi wote, maana mzazi anayempigia makofi mtoto aliyempiga mwenzake mtama anaiharibia timu nzima hesabu.

SWALI: Nakwenda uwanjani mara ya kwanza. Kuna adabu gani za kujua?
*Msomaji, Denver*

JIBU: Vaa koti. Usiinuke wala kurudi kitini paki ikiwa inachezwa. Ngoja kipenga, wahudumu watakuzuia mlangoni kwa sababu hiyo. Nyuma ya magoli kuna wavu mrefu, na usilalamike kwamba unakuzuia kuona: uliwekwa kuanzia msimu wa 2002-03 baada ya msichana wa miaka 13 kupigwa na paki jukwaani Columbus na kufariki. Ukikaa pembeni ambako hakuna wavu, simu iwe mfukoni mchezo ukiendelea.

Mchezaji wa nyumbani akifunga magoli matatu, kofia zinarushwa uwanjani na hakuna adhabu, kanuni inaruhusu kwa tukio kama hilo. Kitu kingine chochote kikisimamisha mchezo, timu ya nyumbani inaweza kuadhibiwa dakika 2. Kanuni hiyo ilikazwa baada ya mashabiki wa Florida mwaka 1996 kumwaga panya wa plastiki kwa maelfu kila goli. Mchezaji yeyote akiumia, nyamaza; akiinuka, wa timu zote mbili watagonga magongo yao, na wewe piga makofi hata kama ni wa ugenini.

SWALI: Je, kuna mtu mwenye damu ya Kenya aliyewahi kulibeba Kombe la Stanley? Na sisi huku tunaendeleaje?
*Msomaji, Nairobi*

JIBU: Yupo. Johnny Oduya, beki aliyezaliwa Stockholm kwa baba Mkenya, alilibeba mara mbili na Chicago Blackhawks, 2013 na 2015. Mtafute kwenye video za mtoano wa 2015: anakaba kwa miguu na kwa kusoma pasi, si kwa kuwinda watu.

Huku kwenu, Ice Lions, timu ya hoki ya barafu ya Kenya, wanafanya mazoezi kwenye barafu ya hoteli ya Panari, Mombasa Road. Mwaka 2018 walipelekwa Kanada wakacheza mechi pamoja na nyota wa NHL Sidney Crosby na Nathan MacKinnon. Uwanja wa NHL ni mita 61 kwa 26. Wa Panari ni mdogo zaidi, kwa hiyo wanacheza wachache kwa wakati mmoja na kuta ziko karibu. Kwenye uwanja wa namna hiyo, chezeni bila makumbo hata watu wazima, mbadilishane kila sekunde 45 hadi dakika moja, na mchezaji wa akiba asiingie hadi anayetoka awe amefika mlangoni. Watu wengi kwenye barafu ndogo ndio chanzo cha ajali kuliko ukali wa mchezo. Mkipungukiwa na kipa, mkopeshaneni kama wenzetu wa Toronto walivyoona Februari 2020: makipa wote wawili wa Carolina waliumia, na kipa wa dharura wa uwanja, David Ayres, mwenye miaka 42, ambaye alikuwa akifanya mazoezi na Toronto hao hao, akaingia upande wa pili. Alifungwa michomo miwili ya kwanza, akaokoa minane iliyofuata, Carolina wakashinda 6 kwa 3, na mashabiki wa Toronto wakamshangilia.